KURUMBIZA: MWIMBAJI WA KICHAKANI

 Nimeshika kalamu kuitikia wito wa mlezi wa Chama chetu cha Kiswahili, aliyetutaka kila mmoja aandike juu ya kitu anachokijua cha kwao. Nilipopekua majarida yetu ya miaka iliyopita nilikuta humo simba wawili, ndovu watatu na nyangumi mmoja. Sina ugomvi na wanyama hao. Lakini ni nani kati yetu hapa Myanga aliyewahi kukutana na nyangumi akienda shule? Mimi nitawaeleza juu ya ndege mdogo ambaye kila mwanafunzi wa kutwa amemsikia, hata kama hajui kwamba ni yeye.

ALFAJIRI YA MWANAFUNZI WA KUTWA

Sisi wa kutwa hatuna kengele ya bweni. Mimi hutoka nyumbani saa kumi na mbili kasoro robo, kungali giza, mkoba mgongoni na viatu mkononi ili visilowe umande. Kati ya kwetu na barabara kuna bonde, na bondeni kuna kijito chenye daraja la magogo mawili. Kando ya kijito kuna kichaka. Kina mikuyu miwili mizee, mipera iliyojiotea, matete, miiba, na mitambaazi iliyosokotana kiasi kwamba mbuzi akiingia humo hutoka kinyumenyume. Humo ndimo anamoishi bwana huyu.

Huanza polepole, kama mtu anayejisemesha peke yake. Kisha anarudia maneno yale yale kwa nguvu kidogo, mara ya tatu kwa nguvu zaidi, mara ya nne zaidi tena, mpaka bonde zima linajaa sauti. Ghafla, kimya. Halafu anachagua maneno mengine na kuanza upya, chini kabisa. Majogoo nao huwika wakati huo, lakini jogoo ana neno moja tu tangu azaliwe. Huyu ana mengi.

Nilimsikia nikiwa mtoto, ila siku niliyomsikiliza hasa ilikuwa mwezi wa Agosti mwaka 2022, nilipokuwa na miaka 13. Wenyeji wa huku wanajua Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili ina maana gani kwa mvulana wa Kibukusu. Alfajiri ile nilipelekwa kijitoni nikapakwa matope mwili mzima. Maji yalikuwa baridi, na mvulana haruhusiwi kutetemeka wala kugeuza macho huku na huku. Basi nilisimama nikayaelekeza masikio yangu kichakani, nikamsikia akipanda na sauti yake hatua kwa hatua. Nilijiambia, akifika juu kabisa na mimi nitakuwa tayari. Watu walioimba nami usiku kucha sikumbuki hata nusu ya maneno yao. Ya ndege yule nayakumbuka.

JINA NA SURA YAKE

Kwa Kiswahili anaitwa kurumbiza. Wako wanaolitumia jina hilo kwa ndege wengine waimbaji pia, kwa hiyo tukitaka kumtaja huyu peke yake tutasema kurumbiza mwenye nyusi nyeupe. Jina lake la kisayansi ni Cossypha heuglini. Neno la pili linatokana na Theodor von Heuglin, Mjerumani aliyesafiri Sudan na Uhabeshi katika karne ya 19 akichunguza ndege. Mwanasayansi mwenzake, Gustav Hartlaub, ndiye aliyempa ndege huyu jina hilo mwaka 1866. Bila shaka babu zetu walikuwa wakimsikia kila alfajiri muda mrefu kabla ya mwaka huo, lakini hawakuandika.

Sasa sura. Chukua rula yako ya sentimita 30. Kurumbiza kutoka ncha ya mdomo hadi ncha ya mkia hafiki hata sentimita 20 na ushei. Ukimweka kwenye mizani, uzito wake ni kama gramu 30 hadi 40, uzito wa mayai matatu au manne ya kware tu. Lakini kwa mavazi, wacha tu! Kichwa ni cheusi. Juu ya kila jicho umepita mstari mweupe safi, kuanzia karibu na mdomo hadi nyuma ya kichwa, kama nyusi zilizochorwa kwa chaki. Koo, kifua na tumbo ni rangi ya machungwa yaliyoiva. Mgongo ni kijivu kilichochanganyika na kahawia. Mkia una rangi ya kutu ya mabati, ila manyoya ya katikati ni meusimeusi zaidi. Dume na jike wanafanana kama sare ya shule, hata mtu awe na macho ya tai hawezi kuwatofautisha kwa rangi. Jike ni mdogo kidogo tu.

Mtoto wake hafanani naye. Kinda akitoka kiotani ana madoadoa mwili mzima, nyusi hajapata. Nimewahi kumwona kinda akifuatana na mama yake nikadhani ni ndege wa aina nyingine anayemwibia chakula. Kumbe ni mwanawe!

MAKAO YAKE

Wahenga walinena, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Anayetaka kumwona kurumbiza asitazame juu. Huyu si mwewe wa kuzunguka mawinguni wala kunguru wa kukaa juu ya nguzo za stima. Makao yake ni chini: kwenye vichaka vya kando ya mito, ukingoni mwa misitu, na kwenye bustani na nyua zenye miti iliyofungana. Anapenda kivuli, anapenda ardhi yenye majani makavu yaliyooza, na anapenda maji yawe karibu. Ukimpa vitu hivyo vitatu hakuogopi hata kidogo. Atakaa nyuma ya jiko lako miaka na miaka.

Ndege wa aina hii wameenea sana Afrika, kuanzia Sudan Kusini na Uhabeshi, kupitia kwetu Afrika Mashariki, hadi pembe ya kaskazini-mashariki ya Afrika Kusini. Wanaohesabu viumbe vya dunia hawajamtia katika orodha ya ndege walio hatarini. Likumbuke jambo hilo, msomaji, maana nitalirudia mbele.

Mwaka jana, muhula wa pili, tulibahatika kwenda ziara Kitale. Tulipita Webuye na Kiminini, tukiimba mpaka sauti zikatukauka. Tulizuru makumbusho ya Kitale. Tulielezwa kwamba chanzo chake ni mkusanyiko wa mtu mmoja, Kanali Stoneham, aliyependa kukusanya wadudu, ndege na vitabu, akaanzisha makumbusho yake mwaka 1926. Alipofariki mwaka 1966 mali hiyo ikaachwa kwa ajili ya umma, na makumbusho ya sasa yakafunguliwa mjini mwaka 1974. Ndani mna wanyama na ndege waliokaushwa. Wenzangu waliduwaa mbele yao. Mimi niliwatazama nikaona kitu kimoja: wote wamefungua midomo na hakuna hata mmoja anayesema.

Nyuma ya makumbusho kuna kipande cha msitu wa asili chenye njia ya wageni kutembea. Tulipofika kwenye kijito, huyo! Wimbo ule ule wa kwetu bondeni. Nilimnyamazisha jirani yangu, tukainama, tukamwona akirukaruka chini ya mti kama mtu aliyeangusha sarafu. Jirani yangu akasema, "Ati huyo ndiye anayepiga kelele hivyo? Si ni mdogo hivi!" Naam, ndiye.

Huku kwetu magharibi kurumbiza huyu ana ndugu zake. Yuko mmoja ambaye hana nyusi, ila utosi wote ni mweupe kama mzee mwenye mvi. Wapenzi wa ndege humtafuta Saiwa, ile mbuga ndogo karibu na Kitale iliyotengwa mwaka 1974 ili kumhifadhi nzohe, paa wa kwenye kinamasi. Mwingine anaishi nyanda za juu kama Mlima Elgon, naye kifua chake ni rangi ya machungwa lakini tumbo ni la kijivu. Ukoo ni mmoja, kila mmoja na kilima chake, kama tulivyo sisi watu.

CHAKULA NA TABIA

Kurumbiza ni mwindaji wa ardhini. Anaruka kwa miguu miwili pamoja, anasimama, anainua mkia na kuushusha taratibu, anasikiliza. Kisha anapindua jani kavu kwa mdomo na kunyakua kilichojificha chini yake. Hula chungu, mchwa, mbawakavu, viwavi, buibui, na wadudu wengine wengi. Matunda madogo pia huyala, na kwa njia hiyo huzisafirisha mbegu kutoka mahali hadi mahali. Wakati mwingine huonekana kando ya msafara wa siafu. Hawafuati siafu wenyewe, bali panzi na mende wanaokurupuka kuwakimbia. Mjanja huyu hukaa pembeni, akasubiri siafu wamfanyie kazi.

Kwa mkulima, hesabu hii si ndogo. Mama yangu ana shamba la sukumawiki karibu na kijito. Jioni, jua likishatua na watu wameondoka, kurumbiza hutoka kichakani na kuingia kwenye matuta. Sijawahi kumwona akidonoa jani la sukumawiki. Anachotafuta ni kile kinachokula jani.

Jambo jingine ni kwamba yeye na mwenzake hawahamihami. Jozi moja hushika eneo lake mwaka mzima, masika na kiangazi, na kulilinda. Jozi nyingine ikisogea, mwenye nyumba huimba kwa ukali. Kwa hiyo ule wimbo tunaoufurahia alfajiri kwa upande mwingine ni kama mtu anayesoma hatimiliki ya shamba lake kwa sauti kubwa: kutoka mkuyu huu hadi mpera ule ni kwangu.

WIMBO WA WATU WAWILI

Sasa nafika mahali ambapo sina budi kusema ukweli, ingawa unaniaibisha.

Nilipokuwa Kidato cha Kwanza nilikuwa na panda, ile sisi huiita feya. Nilikuwa nimeichonga mwenyewe kutoka tagaa la mpera, mpira wake nikaukata kutoka tyubu ya baiskeli. Vijana wenzangu walinisifu kwa shabaha. Jumamosi moja jioni nilijificha karibu na daraja. Kurumbiza akatoka kuoga kwenye kidimbwi. Nikavuta. Sikutegemea kumpata, lakini nilimpata. Nilipomwokota alikuwa bado na joto, na uzito wake kiganjani ulikuwa kama hakuna kitu. Nyama yake haikutosha hata kumshibisha paka. Nilimtupa kwenye matete nikarudi nyumbani nikijisifu kwa wenzangu.

Jumatatu alfajiri nilipita darajani kama kawaida. Kurumbiza aliimba. Nikashangaa, kwani si nilimuua? Akapanda na wimbo wake, chini, juu, juu zaidi, kisha akanyamaza. Akaanza tena. Kulikuwa na kitu kimepungua ambacho sikuweza kukitaja. Nilikuwa nimeuzoea wimbo ule kama mtu anavyouzoea mlango wa kwao, na sasa mlango ulikuwa umekosa bawaba.

Nilikwenda kumwuliza mwalimu wetu wa Bayolojia, bila kumwambia habari za feya. Mwalimu akanifafanulia. Kurumbiza mara nyingi huimba wawili. Dume huimba yale maneno marefu yanayopanda, na jike hutia sauti yake nyembamba ya juu, kali kama filimbi, katikati au mwishoni. Wanapatana kwa wakati sawasawa hata msikilizaji adhani ni ndege mmoja mwenye midomo miwili. Wimbo huo huwaunganisha na kuwatangazia majirani kwamba nyumba ina wenyewe wawili.

Hapo nikaelewa. Nilichokuwa nikikisikia kila alfajiri darajani ni swali lisilojibiwa. Yule bwana alikuwa akisema sehemu yake na kungoja. Nilipita pale siku baada ya siku na kila siku alingoja. Feya niliitia motoni kwa mkono wangu mwenyewe. Majuto ni mjukuu, lakini mjukuu wangu alikuja mapema.

Nilikaa hivyo karibu wiki sita. Kisha asubuhi moja, mvua imenyesha usiku, aliimba na sauti nyembamba ikamjibu. Nilisimama juu ya magogo nikachelewa shule, nikaadhibiwa kufyeka nyasi, wala sikujutia. Jike mwingine alikuwa amehamia. Mwalimu alinieleza kwamba eneo zuri halikai wazi. Palipo na kichaka, maji na chakula, ndege asiye na makao atapaona.

KIOTA NA MGENI MDANGANYIFU

Mvua zikianza, kurumbiza hujenga. Kiota chake ni kibakuli cha majani makavu, vijiti na mizizi laini. Hukiweka chini chini: kwenye tundu la gogo, ukingoni mwa mto, au kwenye takataka za matawi zilizoachwa na mafuriko. Hutaga mayai mawili au matatu yenye madoa ya kahawia. Jike huyaatamia kwa muda wa wiki mbili hivi, na makinda hukaa kiotani wiki mbili nyingine wakilishwa na wazazi wote wawili. Mwezi mmoja, basi, ndio unaoamua kama ukoo utaendelea. Mwezi huo nyoka, paka, panya na mtoto mwenye feya wote wako kazini.

Tena kuna adui asiyekuja kwa meno. Mnamjua yule ndege ambaye mvua ikikaribia hulia mchana kutwa, sauti tatu zinazoshuka, akirudia mpaka mtu anachoka? Wazee hutayarisha majembe wakimsikia. Huyo ni kekeo mwenye kifua chekundu. Kekeo hajengi kiota. Jike lake hutaga yai katika kiota cha mwingine, na kurumbiza ni mmoja wa wale anaowapenda sana kuwapelekea mzigo. Kinda la kekeo likianguliwa, lingali kipofu na bila manyoya, huyasukuma nje mayai au makinda ya wenyeji. Kurumbiza hulilea lile limoja mpaka linamzidi ukubwa, akilitia viwavi mdomoni kana kwamba ni mwanawe. Hapo ndipo niliposadiki kwamba kulea si lazima kuzaa, japo kwa kurumbiza ni kwa kudanganywa!

Hata hivyo, kekeo hajawahi kuwamaliza kurumbiza. Wameishi pamoja tangu zamani, maana kekeo akiwamaliza, naye atamlelea nani watoto? Anayeweza kuwamaliza ni mwingine.

KICHAKA KILIPOTAKA KUFYEKWA

Mwezi wa Desemba uliopita, baba alitangaza mezani kwamba atafyeka kichaka cha bondeni apande mikaratusi. Hesabu yake ilikuwa nzuri. Mikaratusi hukua upesi, nguzo zinauzwa, na karo haijilipi. Karo yenyewe ni yangu. Ningesema nini?

Nilisema. Nilimweleza baba habari za kurumbiza, wadudu anaowala katika sukumawiki ya mama, na wimbo wa wawili. Baba ni mtu mpole, alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza, "Huyo ndege wako atalipa karo muhula gani?" Watu wote wakacheka, nami nikacheka, ingawa moyoni sikucheka.

Nikajaribu njia ya pili. Tumefundishwa katika Jiografia na Kilimo kwamba mkaratusi hunywa maji mengi, na kuupanda kandokando ya kijito ni kukialika kikauke. Aidha, mizizi ya kichaka ndiyo inayoushika ukingo udongo usichukuliwe na mafuriko. Baba alikuna kidevu. Alisema atafikiri.

Aliyemaliza shauri ni kuka, babu yangu, ambaye alikuwa amekaa karibu na mlango kimya kama hayupo. Alisema, "Mwanangu, hapo ndipo ulipopakwa matope. Mimi pia hapo. Huyu kijana juzi tu, hapo. Mikaratusi ikiyanywa maji hayo, wajukuu zako utawapaka nini? Vumbi?"

Baba hakujibu. Asubuhi yake alikwenda bondeni peke yake, akakaa muda mrefu. Aliporudi alisema mikaratusi itapandwa juu, mpakani karibu na barabara, na mashimo nitayachimba mimi. Nilichimba mashimo hamsini na sita, viganja vikatoka malengelenge. Kichaka nacho hakikupona chote. Sehemu ya upande wa shamba la mahindi ilifyekwa, kama theluthi hivi, pamoja na mipera. Iliyobaki ni ile ya kandokando ya maji, yenye mikuyu.

Majirani zetu wa upande wa chini hawakuwa na kuka wa kusema. Kwao kumefyekwa mpaka majini, hata mapango ya kaa yanaonekana. Kulikuwa na jozi ya pili ya kurumbiza huko, niliyoizoea nikienda kusaga mahindi. Nimepita alfajiri mara nyingi tangu Januari. Hakuna anayeuliza, hakuna anayejibu.

HITIMISHO

Nilikuomba ukumbuke kwamba kurumbiza hayumo katika orodha ya ndege walio hatarini. Ni kweli, na ninafurahi. Lakini orodha ile inahesabu bara zima. Haimhesabu yule wa daraja la magogo mawili. Ndege anaweza kuwa salama Afrika nzima na akatoweka kijijini kwako, na wewe utakayeishi bila wimbo wake hutasaidiwa na kuambiwa kwamba unasikika kwingine.

Mimi nilimuua kurumbiza mmoja, na nafasi yake ilijazwa katika wiki sita kwa sababu kichaka kilikuwapo. Sisemi hivyo kujitetea. Jiwe langu lilikuwa kosa, na namwomba kila mwenye feya aitie jikoni. Ninachosema ni kwamba jiwe huua ndege mmoja, panga na moto wa kufyekea huua nafasi ya ndege wote watakaokuja. Ndege aliyekufa ana wa kumrithi. Kichaka kilichokufa, kurumbiza atakirithi nani? Hakuna cha kurithi.

Kwa hiyo, wanafunzi wenzangu, natoa ombi dogo. Wengi wetu tunatoka kwenye mashamba yenye kijito au chemchemi. Tunaporudi likizo, tuzungumze na wazazi wetu kwa adabu. Tusiwaambie wasilime, maana sote tunakula ugali. Tuwaombe wauache ukanda wa miti na majani kandokando ya maji, hata kama ni hatua kumi tu. Kama hoja ya ndege haiingii, tutumie ya maji. Kama ya maji haiingii, tumtafute kuka.

Na kesho alfajiri, ewe mwanafunzi wa kutwa mwenzangu, ukifika mahali pa kijito chenu usipite mbio. Simama kidogo. Msikilize anayeanza chini na kupanda. Kisha tega sikio zaidi, umsikie yule wa pili. Ukimsikia, basi kwenu mambo bado ni mazuri. Ukichelewa, mwambie mwalimu wa zamu ulikuwa ukifanya utafiti wa Chama cha Kiswahili. Sikuahidi kwamba atakubali.

Kwaherini ya kuonana.

Mwanachama, Kidato cha Tatu